Nyuso Zilalane: Kulifunga Upya Kasha la Injini ya Pikipiki Kuukuu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeiandikia insha, na baadhi yetu tumekwisha kuwasahihishia wengine insha hizo. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia mtu darasani akiuliza ufa wenyewe huzibwa vipi. Tulilichukua tendo la kuziba kana kwamba ni jambo jepesi lisilohitaji maelezo: palipo na nafasi, tia kitu, basi. Makala haya yanahusu uzibaji wa namna moja tu, yaani uzibaji wa kasha la injini ya pikipiki kuukuu, kazi niliyoifanya nyumbani kwetu Nakuru kwa muda wa majuma matatu ya likizo. Nimeamua kuwaandikia wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, wala si makanika, kwa sababu kazi hiyo ilinifundisha jambo kuhusu msamiati wetu ambalo sikulipata katika mihadhara ya istilahi.

Pikipiki yenyewe ni Yamaha DT 175 ya mwaka 1979. Aina hii ni ya ukoo wa DT-1, pikipiki ya sentimita za ujazo 250 ambayo kampuni ya Yamaha iliitoa mwaka 1968 kwa ajili ya watu waliotaka chombo kimoja kiwezacho kwenda barabarani na porini. Injini yake ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 66, na pistoni husafiri milimita 50, hivyo kwamba ujazo wake hasa ni kama sentimita 171. Marehemu baba yangu alikuwa afisa wa ugani wa kilimo. Kwa zaidi ya miaka 20 alizunguka nayo Njoro, Elburgon na Molo, akiwatembelea wakulima wa pareto na viazi katika njia ambazo wakati wa masika hata punda huzisitasitia. Watu walimtambua kwa mlio kabla hajaonekana. Mwaka 2004 injini ilianza kupata moto kupita kiasi, kisha siku moja ikashika na kukataa kuzunguka. Baba akaisukuma hadi stoo, akaifunika gunia. Alifariki mwaka 2016 bila kuiwasha tena.

Miaka ikapita. Mnunuzi wa vyuma kuukuu akaja na mkokoteni wake, akaitazama pikipiki, akataja bei ya kilo. Mama hakumjibu. Jioni aliniita akaniambia, "Mwanangu, ama chombo hiki kitembee ama kiondoke. Mimi siwezi kuendelea kukifuta vumbi kama kaburi." Akanipa muda hadi mwisho wa likizo. Nami nilimwelewa. Kitu kilichokufa kikikaa nyumbani hakimpi mtu nafasi ya kumaliza matanga.

Ni vyema nieleze mapema ni kwa nini kazi hii ilinitia hofu. Kasha la injini hii limegawanyika nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, zilizosubuliwa kwa aloi ya alumini. Kiwandani nusu hizo hukerezwa kama jozi, ili matundu ya beringi ya upande mmoja yatazamane sawasawa na ya upande wa pili. Kutokana na hali hiyo, kila nusu ina mwenzake mmoja tu duniani. Ukiipasua nusu ya kushoto huwezi kwenda sokoni ukanunua nyingine na kutumaini kwamba itaafikiana na ya kulia. Lazima upate jozi nzima, na jozi ya mwaka 1979 haipatikani kwa urahisi. Pigo moja la nyundo mahali pasipofaa lingetosha kumrudisha yule mtu wa mkokoteni.

Mpenzi msomaji, niruhusu sasa nieleze jinsi injini hii inavyofanya kazi, kwa maana bila maelezo hayo umuhimu wa kuziba hautaonekana. Pikipiki nyingi za bodaboda tunazoziona leo zina injini ya mipigo minne. Katika injini hiyo kasha la chini ni chombo cha kuhifadhia oili na kuzungushia mitambo. Likivuja, oili hudondoka sakafuni. Ni hasara na uchafu, lakini injini huendelea kuishi maadamu unaongeza oili. Injini ya DT 175 ni ya mipigo miwili, na mambo yake ni tofauti kabisa. Pistoni inapopanda, chini yake, ndani ya kasha, hutokea mvuto unaofyonza hewa na petroli kutoka kabureta. Pistoni inaposhuka, mchanganyiko huo hubanwa ndani ya kasha, ukasukumwa kupitia mifereji hadi juu ya pistoni, ambako huchomwa kwa cheche. Kwa ufupi, kasha ni pafu. Lina kazi ya kupumua mara elfu kadhaa kwa dakika.

Pafu likitoboka, mgonjwa hapumui vyema. Kasha likipata upenyo hata mwembamba kama unywele, pistoni inapopanda huvuta hewa ya nje isiyopita kwenye kabureta. Hewa inazidi, petroli inapungua, na mchanganyiko huo mwepesi huwaka kwa joto kali. Petroli inayopungua ndiyo pia ambayo ingesaidia kuipoza pistoni. Hapo alumini ya pistoni hutanuka hadi ikaisugua silinda, na injini ikashika. Mambo haya niliyasoma katika kitabu cha matengenezo kilichoandikwa kwa Kiingereza. Lakini aliyenieleza kwa maneno mawili ni mzee mmoja fundi wa pikipiki katika mtaa wetu, ambaye zamani alizitengeneza pikipiki za maafisa wa serikali, akiwemo baba. Aliitazama pistoni iliyokwaruzika, akaipitisha kidole, akasema, "Mwalimu, hii iliuawa na hewa ya wizi."

Hewa ya wizi! Niliyaandika maneno hayo katika daftari siku hiyohiyo. Kitabu kilitumia aya nzima. Mzee alitumia nomino mbili na kiunganishi. Zaidi ya hayo, alikuwa ameniambia mahali pa kutafuta. Mwizi ana mlango alioingilia.

Milango inayowezekana ni mitatu. Wa kwanza ni sili ya mpira iliyo upande wa kushoto wa krenki, penye sumaku ya kuzalisha umeme. Wa pili ni sili ya upande wa kulia, penye klachi. Hii ikiharibika, kasha hunyonya oili ya gia badala ya hewa, na moshi mweupe mzito hutoka kwenye eksozi. Wa tatu ni mshono wenyewe, pale ambapo nusu mbili za kasha hukutana. Sili ya kushoto ya pikipiki ya baba ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama ukucha. Mdomo wake, ambao unapaswa kuikumbatia shafti, ulikuwa umefunguka wote. Mshono nao ulikuwa na makovu. Fundi fulani wa miaka iliyopita, ambaye hatumjui, alizibandua nusu hizo kwa kuchomeka bisibisi katikati na kuipiga nyundo. Kila mahali alipochomeka paliachwa shimo dogo, na kando ya kila shimo kukainuka kilima kidogo cha alumini.

Nilisafiri hadi Nairobi nikanunua sili na beringi mpya katika Barabara ya Kirinyaga, ambako maduka ya vipuri yamepangana bega kwa bega. Niliporudi nilidhani kuwa sehemu kubwa ya safari imekwisha. Mzee aliniambia kwamba kazi haijaanza. "Umenunua vitu," alisema. "Sasa nenda ukaoshe uso."

Kuosha uso kulinichukua siku nne. Uso ni ule ukingo bapa wa kila nusu unaokutana na mwenzake. Ulikuwa na mabaki ya gundi ya zamani, nyeusi na kavu, yaliyong'ang'ania chuma kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Mtu mwenye haraka angechukua kisu au tupa akakwangua. Alumini ni laini, na kila mkwaruzo unaouvuka uso kutoka ndani hadi nje ni njia mpya ya hewa. Kwa hiyo nililainisha gundi kwa thina, nikasubiri, kisha nikakwangua kwa kijiti cha mti nilichokichonga bapa. Kijiti kilipochakaa nikachonga kingine. Baada ya hapo niliondoa vile vilima vidogo kwa jiwe laini la kunolea lililotiwa mafuta, nikilipitisha polepole hadi nikaacha kuhisi likikwama. Mashimo sikuyagusa. Mzee alinifundisha kwamba shimo lisilofika ng'ambo halina madhara, kwa kuwa gundi italijaza. Kilima ndicho kibaya, kwa sababu huziinua nyuso zikaachana pande zote.

Kisha tukapima. Tuliweka kipande kinene cha kioo juu ya meza, tukapaka uso wa kasha rangi ya kalamu, tukausugua taratibu juu ya msasa laini sana uliolazwa juu ya kioo, mara mbili tatu tu. Mahali palipoinuka rangi hufutika. Mahali palipoinama rangi hubaki. Ilifutika karibu sawasawa kote. Hapo mzee akatamka neno ambalo ndilo sababu ya makala haya. Alizishika nusu mbili zikiwa tupu, bila gundi, akazikutanisha, akazitazama mbele ya mwanga wa dirisha. Mwanga haukupenya. "Zimelala," akasema.

Mimi, kwa kuwa ni mtu wa vitabu, nilikuwa na neno langu. Nilimweleza kwamba Waswahili wa pwani wana neno la kale linalohusu kazi kama hii. Mafundi wa majahazi, kwa mfano wale wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu, huziba nafasi zilizo baina ya mbao kwa pamba au nyuzi zilizolowekwa mafuta, wakazishindilia kwa patasi na nyundo. Vitu hivyo huitwa kalafati, na tendo lenyewe ni kukalafati. Sehemu ya chombo inayokaa majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Nilimwambia kwamba ingependeza iwapo mafundi wa bara nao wangelipokea neno hilo, wakasema wanakalafati injini badala ya kutumia maneno ya Kiingereza.

Mzee alifikiri kidogo. Akaniuliza, "Hiyo pamba inaingia mahali pana nafasi?" Nikamjibu kwamba ndiyo. "Na ubao ukinywa maji unavimba?" Nikasema kwamba ndivyo, na hapo pamba hubanwa zaidi. Akatikisa kichwa. "Basi hapa neno hilo halifai, mwalimu. Jahazi lina nafasi, linahitaji kujazwa. Hapa hatutaki nafasi. Ukijaza hapa umeharibu. Hizi zinalala."

Tulibishana kwa muda, nami niliitetea kalafati kwa hoja za historia na utamaduni. Lakini kila alipojibu alinirudisha kwenye chuma. Gundi ya kuzibia kasha, ikiwa imefungwa inavyopaswa, hubaki utando mwembamba kuliko karatasi. Ukiipaka nene, nusu mbili hukaa mbalimbali, na umbali kati ya beringi ukabadilika. Isitoshe, gundi inayozidi hubanwa ikatokea upande wa ndani, ikakatika vipande, na vipande hivyo vikaziba tundu la oili. Kuna na balaa la gundi isiyofaa: ile silikoni ya kawaida inayotumiwa kwenye masinki na madirisha haistahimili petroli. Hulowa, ikavimba, ikabanduka. Katika jahazi kinachozuia maji ni kile kilichotiwa katikati. Katika kasha kinachozuia hewa ni ulinganifu wa nyuso, na gundi ni msaidizi wa yale makovu madogo tu.

Tukaingia katika hatua ya beringi. Beringi hukaa ndani ya tundu kwa kubanwa, kwa kuwa tundu ni dogo kidogo kuliko beringi yenyewe. Wako wanaozipiga nyundo hadi ziingie, na hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kulipasua kasha. Sayansi inatupa njia ya upole. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha pua. Chukua tundu lenye kipenyo cha milimita 60: likipashwa joto kutoka nyuzi 25 hadi 110 za Selsiasi, litapanuka kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Beringi nayo ikigandishwa hadi nyuzi 15 chini ya sufuri, itasinyaa kwa karibu sehemu tatu za mia. Tofauti hiyo inatosha. Jirani yetu mmoja anayeoka keki alikubali kutuazima oveni yake, baada ya kuapishwa kwetu kwamba kasha limeoshwa na halitaacha harufu. Beringi zilikuwa zimelala usiku kucha ndani ya friza ya muuza maziwa, zimefungwa kwa gazeti. Kasha lilipotoka, mzee aliliangushia tone la maji. Likachemka na kutoweka papo hapo. Beringi ya kwanza ikatumbukia kwa uzito wake mwenyewe, ikatoa mlio mfupi, ikatulia. Hatukupiga pigo lolote.

Siku ya kufunga tuliamka mapema. Tuliweka krenki na shafti za gia ndani ya nusu moja, tukahesabu washa zake, tukatia pini mbili za kuelekezea. Nikapaka gundi, ile ya kudumu katika petroli, kwenye uso mmoja tu, kwa ncha ya kidole, hadi ikawa kivuli. Tukaiacha dakika kama kumi ianze kunata. Kisha tukaishusha nusu ya pili. Ilishuka vizuri, ikakaribia, ikakoma ikiwa imebakiza kama milimita tatu.

Hapa ndipo wengi huharibu. Bolti ziko tayari, spana iko mkononi, na akili inashawishi kwamba ukizikaza kidogo zitaivuta nusu ishuke. Mzee aliufunika mkono wangu kwa mkono wake. "Ikikataa, iulize," akasema. Tukainua tena, tukachungulia. Shafti moja ya gia ilikuwa imeinama upande kwa kiasi kisichoonekana ila ukiinama. Tukainyoosha. Mara hii nusu ilishuka kwa kusukumwa na viganja na kugongwa kidogo kwa nyundo ya mti, hadi mshono ukawa mstari mmoja mwembamba kuzunguka kasha zima. Gundi ilitokeza nje kama uzi. Ulikuwa uzi mwembamba, sawa pande zote, na mzee aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama sehemu nyingine yoyote.

Kukaza nako kuna kanuni. Bolti za milimita 6 zinazoingia katika alumini hazipaswi kukazwa kwa nguvu za mtu aliyekasirika. Kipimo chake ni kama nyutoni-mita 10. Hatukuwa na spana ya kupimia, lakini palikuwa na mizani ya kuning'iniza ambayo mama huitumia kupimia mahindi. Tuliifunga kwenye mpini wa spana, sentimita 20 kutoka katikati ya bolti, tukavuta kwa pembe mraba hadi ikasoma kilo 5. Hesabu ya kidato cha pili yatosha kuonyesha kwamba hiyo ni nyutoni-mita 10 kasoro kidogo. Tulianza na bolti za katikati tukaelekea za nje, kwa kukingamana, kwa raundi tatu. Baada ya kila raundi tulizungusha krenki kwa mkono. Ilizunguka bila kukwama.

Ukaguzi wa mwisho ndio uliokuwa na uzito kwangu. Baada ya kufunga silinda na kichwa chake, unaweza kulipima kasha kabla ya kutia hata tone la petroli. Unaziba njia ya kuingilia na ya kutokea kwa mipira ya tyubu, unasukuma hewa ndani hadi kipimo kidogo, karibu pauni 5 kwa kila inchi ya mraba, kisha unasubiri. Tatizo ni kwamba kipimo cha magurudumu hakionyeshi vizuri mgandamizo mdogo kiasi hicho. Nilikumbuka kwamba kile kipimo cha shinikizo la damu chenye saa ya mshale na kibofu cha mpira husoma hadi milimita 300 za zebaki, ambazo ni karibu pauni 6. Kipimo kama hicho kilikuwamo nyumbani. Kilikuwa cha baba. Mama alimpima nacho kila asubuhi na jioni katika miaka yake ya mwisho, akaandika tarakimu katika kalenda ya ukutani.

Nilipomwomba, alikwenda kabatini, akakaa huko kwa kitambo, akarudi nacho. Hakunikabidhi. Aliketi kwenye kigoda kando ya injini akasema atapampu mwenyewe, kwa maana anajua jinsi ya kukitumia. Tukaunganisha neli yake kwenye tundu la plagi. Akaminya kibofu hadi mshale ukasimama kwenye 250, akafunga vali, akaitazama saa ya ukutani kama alivyozoea.

Mshale ulianza kushuka. Katika dakika mbili ulifika 180. Mzee akachukua povu la sabuni akalipaka kwenye mshono kwa brashi; halikuchemka. Akalipaka kwenye sili ya kushoto, kimya. Akalipaka kwenye mpira tuliozibia njia ya eksozi, na hapo mapovu yakaibuka mfululizo. Tukaukaza mpira. Mama akaminya tena hadi 250. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Dakika ya sita mshale ulikuwa kwenye 245. Mama akalegeza vali, hewa ikatoka kwa mlio hafifu, akasema, "Huyu yuko sawa." Kisha akanyamaza, na sisi sote tukanyamaza pamoja naye.

Pikipiki iliwaka siku mbili baadaye, teke la tano, kwa moshi mwingi wa samawati uliopungua injini ilipopata joto. Sasa mama huniruhusu kwenda nayo sokoni siku za Jumamosi. Mtu wa mkokoteni huipisha njiani.

Tukirudi kwenye Kiswahili, ningependa kutoa hoja moja. Nimelipitia daftari langu la majuma yale matatu, nikagawa maneno ya mzee katika mafungu mawili. Fungu la nomino limejaa mikopo: beringi, sili, pistoni, klachi, krenki, kabureta, gasketi, bolti, washa. Hizi ndizo zinazotukera sisi wasomi, na ndizo tunazokimbilia kuzitafutia mbadala. Fungu la vitenzi ni la namna nyingine. Injini hupumua, hunyonya, hukohoa, hushika. Uso huoshwa, hulala. Gundi huvuta. Sehemu inayokataa huulizwa. Karibu vyote ni vitenzi vya Kiswahili cha kila siku, na vimepewa maana za kitaaluma zenye mipaka iliyo wazi kabisa. Anayesema kwamba uso umelala hasemi kwamba umekaribia kulala.

Kazi kubwa ya uundaji wa istilahi imefanywa kwa orodha: upande wa kushoto neno la Kiingereza, upande wa kulia nafasi tupu. Siidharau kazi hiyo. Bila hiyo tusingeweza kufundisha masomo mengi kwa Kiswahili. Lakini nafasi tupu ina tabia ya kutaka kujazwa, nasi huijaza kwa kalafati yoyote iliyo karibu, hata mahali ambapo haikustahili kuwapo nafasi. Aidha, orodha hizo hukusanya nomino zaidi, ilhali maarifa ya fundi yamekaa katika vitenzi. Ukimuuliza fundi, "Hiki kinaitwaje?", atakupa neno la mkopo, nawe utaondoka ukilalamika kwamba Kiswahili hakina msamiati wa ufundi. Muulize, "Hapa unafanya nini, na utajuaje kwamba imekubali?" Hapo utapata lugha.

Suala hili lina muda wake. Pikipiki za mipigo miwili zinatoweka, na mafundi waliozijua ni wazee. Vijana wanaotengeneza bodaboda wana ujuzi wao na maneno yao, ambayo nayo yanastahili kukusanywa. Lakini hewa ya wizi si ugonjwa wanaokutana nao mara kwa mara, na neno lisilotumika husahaulika. Wanafunzi wa chama chetu hufanya utafiti wa nyanjani kila mwaka. Ningependekeza kwamba baadhi yetu, badala ya kuzirudia mada zilizokwisha kuandikiwa tasnifu mara kumi, tuketi kwenye vigoda vya gereji kwa mwezi mmoja, mikono ikiwa imechafuka, daftari likiwa pembeni. Mgagaa na upwa hali wali mkavu.

Kuhusu kalafati, mzee hajaisahau. Juma lililopita nilimkuta akiziba paa la kibanda chake, akishindilia vitambaa vilivyolowekwa lami katika nyufa za mbao kwa patasi. Aliponiona aliniita kwa mbali. "Mwalimu! Hapa sasa ndipo mahali pa lile neno lako."